Kitufe changu kimemenywa barzani kama chungwa, na aliyemenya mnamjua

MchoraVitufe
Assalaam alaykum. Nimetoka barzani sasa hivi, mikono inatetemeka, msinisahihishe maandishi.

Mnamjua. Jina sitaji na msinifuate pembeni kuniuliza. Yule wa kofia ya viua na koti jua la kaskazi likiwaka, anayezungumza na simu kwa spika mpaka mtaa mzima unajua kwao leo wamepika nini. Huyo huyo. Ndiye mwenye tovuti ya habari za bahari: maji kujaa na kupwa, upepo, boti za Malindi ya hapa Unguja kwenda Mkoani, Pemba, bei ya samaki mnadani.

Nimekaa wiki tatu, wiki TATU, namtengenezea kitufe cha kujiunga, ili msomaji apate mlisho wa habari mpya bila ya kuifukuzia tovuti kila saa. Leo baada ya laasiri, mbele ya watu, kainyanyua simu juu kama anayetafuta mtandao, akasema: "Jamani, nimelipa pesa nimeletewa chungwa." Halafu akaanza kukimenya kitufe changu kwa ukucha. AKAMENYA. Kidole kinazunguka juu ya kioo taratibu, kama mtu anayetaka ganda litoke zima bila ya kukatika. Kisha akamgeukia muuza kahawa: "Hebu lete kisu, na chumvi na pilipili." Na muuza kahawa, mtu niliyemuweka moyoni miaka yote hii, akampa kijiko.

Barza nzima ilicheka. Paka alicheka. Daladala ya Bububu ilipunguza mwendo ili abiria wacheke.

Sasa nisikilizeni. Hilo analoliita chungwa ni alama ya mlisho: nukta moja na matao mawili kama mawimbi ya redio, meupe juu ya rangi ya chungwa. Aliyeichora ni Stephen Horlander, kwa ajili ya Firefox, programu ya kufungulia tovuti. Mwisho wa 2005 Microsoft, mahasimu wao wakubwa, waliikubali vile vile kwa Internet Explorer 7. Kabla ya hapo kila tovuti ilikuwa na kijisanduku chake, hichi kimeandikwa XML, kile RSS, majina ya kifundi ya mlisho ule ule, msomaji ameduwaa hajui ashike kipi. Watu waliokuwa wakigombania kila kitu waliafikiana kwenye hilo chungwa, na yeye anaagizia pilipili!

Wala sikumuwekea alama tupu. Alama tupu haimwambii kitu mvuvi wa Nungwi. Pembeni niliandika: "Pata hali ya maji na upepo kila asubuhi." Sikuandika "Jiunge" peke yake. Ujiunge na nini, na ngoma? Chini yake kwa herufi ndogo: bure, na ukichoka unajitoa. Kimo nilikipa pikseli 48, kwa sababu kidole chenye maji ya samaki hakilengi kitu kidogo. Maandishi niliyatia weusi juu ya nyeupe, nikaibakisha rangi ya chungwa kwenye alama tu, maana herufi nyeupe juu ya chungwa kali tofauti yake ya mwanga haifiki hata 3 kwa 1, na miongozo ya tovuti inataka 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Nilikwenda nacho ufukweni saa saba mchana, nikasimama juani, nikakisoma kwa simu ya mtu iliyopasuka kioo. KILISOMEKA. Pembeni yake nikaweka cha pili cha barua pepe, kwa wasiokuwa na programu ya kusomea milisho. Jozi moja nimeiweka juu, jozi moja mwisho wa habari, kwa sababu mtu akishamaliza kusoma akaridhika, hapo ndipo anapotaka tena.

Yeye anataka nini? Chekundu, kinachowaka na kuzima, kimeandikwa BONYEZA HAPA, na picha yake mwenyewe na kofia. Halafu kabla hujaona kitu kishuke kisanduku kizibe skrini nzima. Mtu yuko ndani ya ngalawa anataka kujua maji yanapwa saa ngapi, anakutana na kofia.

Lakini hayo ningeyameza. Ni kule kumenya. Na kumjibu siwezi, ni rika la baba yangu, ningefungua mdomo tu ningeambiwa sina adabu. Nimekaa kimya naangalia ukucha unazunguka.

Kashata_Moto
Pole sana yakhe. Ila suali moja: alimenya kwa kuzungusha au alitia mapande?

Dirishani
Mimi nimeona kwa macho yangu kutoka dirishani. Alizungusha. Na alipomaliza akajifanya anatema kokwa.

MchoraVitufe
Alitema kokwa??? Hilo sikuliona, nilikuwa nimeinamisha kichwa. Ya Rabbi.

NgalawaWete
Wiki tatu kwa kitufe? Sisi huku Wete wiki tatu fundi keshakuchongea dau na ushaenda nalo kuvua ushapata na kitoweo. Hicho kitufe kina tanga?

MchoraVitufe
Kaka, dau linaundwa kwa bahari moja. Kitufe nimekijaribu kwa simu sita, kubwa na ndogo, skrini iliyolala na iliyosimama. Kwenye simu mbili maneno yalikuwa yanakatika, ilisomeka "Pata hali ya ma". Ungekubali watu wajiunge na "hali ya ma"?

Kashata_Moto
Mimi ningejiunga.

FundiSimuDarajani
Mimi nitasema ukweli japo mtanichukia. RSS imekwisha. Kitu cha 1999 hicho. Google Reader, programu ya kusomea milisho, ilifungwa tarehe 1 Julai 2013, na Firefox wenyewe, hao waliochorewa alama, waliondoa usomaji wa milisho Disemba 2018. Mzee kakosea kumenya mbele za watu, lakini kwenye chungwa yuko sahihi. Muwekee kundi la WhatsApp, yaishe.

MchoraVitufe
Haijaisha! Hizo podikasti unazosikiliza dukani kwako ukibandika vioo vya simu zinakufikia kwa RSS, hujui tu. Na kundi la WhatsApp kila aliyemo anaiona namba yako. Mke wa mtu anataka kujua boti ya mumewe inaondoka saa ngapi, namba yake ionwe na wanaume mia mbili kwa nini? Mlisho haukuulizi namba wala jina. Unachukua unachokitaka, unaondoka. Ndiyo maana naupenda na ndiyo maana nimeumia, sikubandika pale kwa pambo.

Tena nilitia na ule mstari wa kichwani mwa ukurasa ambao msomaji haoni, unaozielekeza programu ulipo mlisho, mtu akibandika anwani ya tovuti tu programu inautafuta yenyewe. Hilo hakuna aliyelitaja pale barzani. Kilichotajwa ni chumvi.

Dirishani
Na pilipili.

Bi_Shamba
Wanangu, mie sijui hayo mamlisho, lakini suala la kujiunga lisiniguse mtu leo. Mie nimeungwa. Sikujiunga, NIMEUNGWA. Nilikuwa natafuta namba ya mwanangu, kidole kikagusa kitu, tangu siku hiyo kila alfajiri naletewa meseji ya nyota yangu. Eti leo nitakutana na mpenzi mpya. Nina wajukuu tisa. Na kila meseji salio linakatwa. Wanasema tuma neno ACHA. Nimetuma ACHA, nimetuma acha, nimetuma Acheni kwa kheri. Wananiletea na matokeo ya mpira sasa.

NgalawaWete
Shikamoo bi mkubwa. Huyo mpenzi mpya keshafika?

Bi_Shamba
Marahaba. Akifika atakuta salio limekwisha.

MchoraVitufe
Shikamoo Bi. Pole sana, na hilo ndilo ninalolisema tangu mwanzo. Kitufe cha heshima kinaeleza kabla: utapata nini, mara ngapi, na utajitoa vipi. Nilimwambia yule mzee maneno haya haya, naye ndiyo akaanza kumenya.

RangiNaBurashi
Ndugu yangu wewe umemenyewa kitufe, mimi ni mchora mabango. Nilimchorea mtu samaki changu kwenye ukuta wa mkahawa wake, magamba yote, jicho linang'aa, watu wanapiga naye picha. Akaja akasimama, akamtazama mpaka kahawa ikapoa, akasema: "Huyu samaki hana imani." Hana imani! Nimemuuliza mzee unataka imani ya namna gani, akanambia nimchore anacheka. Changu acheke! Sasa yuko pale ukutani ana meno kama ya punda, na jina langu liko chini yake.

KanzuYaIdi
Afadhali nyote mmelipwa. Mimi fundi kanishonea kanzu ya Idi, mkono mmoja unafika kwenye kidole, mmoja umeishia kwenye kiwiko. Nikamwambia fundi mikono haiko sawa. Akanambia nikisalimiana na watu ninyooshe ule mfupi tu. Nimesalimia Idi nzima mkono mmoja uko nyuma kama nimebeba kitu.

Kashata_Moto
Huyo fundi ni yule karibu na msikiti, mwenye cherehani ya kijani?

KanzuYaIdi
Huyo huyo. Sitaji jina.

Kashata_Moto
Kanishonea na mimi suruali. Sizungumzi zaidi, kuna watu wazima humu.

MchoraVitufe
Jamani turudi. Nataka ushauri wa kweli: nikiweke kile chekundu anachotaka nichukue pesa yangu iliyobaki, au nikiache changu nimrejeshee ya mwanzo? Chekundu kikitoka na kisanduku chake watu watakimbia, halafu itasemwa kazi ni yangu. Na bado nakisikia kile kijiko kinagonga sahani.

FundiSimuDarajani
Chukua pesa.

RangiNaBurashi
Usichukue. Mimi nilichukua, kila nikipita pale changu ananichekea.

Mtoto_wa_Chake
Nimechelewa, sijasoma juu. Machungwa bei gani Unguja?

Dirishani
Darajani leo nimeona ya fungu, madogo madogo.

NgalawaWete
Hayo ya Unguja si machungwa, ni malimau yaliyochelewa kuchumwa. Njooni Pemba mle chungwa, utamu mpaka nyuki anaomba maji.

Kashata_Moto
Mpemba kashaanza. Machungwa yenu yakishuka Malindi yamechoka kwa mawimbi, yamelegea kama yametapika njia nzima.

NgalawaWete
Yanachoka kwa kuwaona nyinyi. Leta moja lako nilete moja langu, siku yoyote.

Mtoto_wa_Chake
Mimi nahukumu. Kwa chumvi au bila ya chumvi?

MchoraVitufe
Hata nyinyi?

Kashata_Moto
Bila ya chumvi si chungwa, ni dawa.

Bi_Shamba
Wanangu, hakuna aliyenijibu bado. Najitoa vipi? Wamenikata tena sasa hivi, wananambia nijihadhari na mtu wa nyota ya Mizani.