Tupeane uzoefu: sukari ikishuka ghafla, mnafanyaje?

Mwanzisha uzi
Wakuu, habari ya sukari kupanda tunaisikia kila siku. Hii ya kushuka, inayoweza kumaliza mtu usiku mmoja, haisemwi sana. Naanza na namba: chini ya 3.9 (kwa kipimo cha mmol/L) imeshuka, chini ya 3.0 ni hatari. Mashine inayosoma kwa mg/dL itaonyesha 70 na 54. Huanza na njaa ya ghafla, jasho la baridi, mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio. Ukichelewa, ubongo unakosa chakula: mtu anakuwa mkali bila sababu, ulimi unakuwa mzito, anayumba. Wapita njia husema kalewa.

Binti Kliniki
Nawa mikono kabla ya kupima. Kidole kilichoshika embe kinaweza kukupa 9 wakati damu ina 3. Kama huna mashine na dalili zipo, usisubiri, tibu kwanza.

Kipimo ni gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vinne vya chai vya sukari, visawazishe, koroga kwenye nusu glasi ya maji, au nusu chupa ya soda ya mililita 300. Soda yenyewe iwe ya kawaida, maana ile ya "zero" haina kitu. Subiri dakika 15, pima tena. Bado iko chini ya 3.9? Rudia. Ikipanda, na mlo bado uko mbali, kula kipande cha mkate au ndizi.

Mzee wa Dozi
Nakazia hapo. Kosa la wengi ni kukimbilia chokoleti, karanga au chai ya maziwa. Mafuta yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu. Ugali nao ni wa baadaye.

Mama Wawili
Na mtoto je, naye vijiko vinne?

Binti Kliniki
Hapana, dada. Ni gramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 15 anahitaji kama gramu 4 na nusu, yaani kijiko kimoja cha chai, kisha mpime baada ya dakika 15 vilevile.

Mzee wa Dozi
Akizimia, usimwekee kitu chochote mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, mpeleke hospitali akapewe glukosi ya mshipa. Sindano ya glukagoni, homoni inayopandisha sukari, kwetu ni adimu, usiitegemee.

Fundi Sindano
Wakuu, tazameni bomba la sindano! Insulini (dawa ya sindano ya kushusha sukari) nyingi sasa ni U-100, yaani yuniti 100 kwa kila mililita, na bomba lake kwa kawaida lina kifuniko cha rangi ya chungwa. La U-40, yaani la yuniti 40 kwa mililita, lina chekundu. Ukivuta insulini ya U-100 hadi alama ya 10 kwenye bomba la U-40, umevuta yuniti 25. Mtu anaamini kachoma dozi yake ileile ya siku zote, kumbe mara mbili na nusu. Kwa hiyo dukani soma maandishi ya ubavuni, usiridhike na rangi peke yake.

Insulini ya mchanganyiko, ile nyeupe kama maziwa, iviringishe viganjani hadi ichanganyike sawasawa. Ile ya 30/70 ya kawaida (asilimia 30 ya haraka, 70 ya polepole) huchomwa nusu saa kabla ya kula, lakini hakikisha chakula kiko tayari. Kuchoma wakati maharage bado yanatokota ni kujitafutia balaa.

Mama Wawili
Baba yetu anatumia vidonge tu, hachomi. Yeye yuko salama?

Mzee wa Dozi
Inategemea vidonge gani, dada. Metformini peke yake ni nadra kushusha hivyo. Glibenklamidi ndiyo ya kuogopa, hasa kwa mzee mwenye figo dhaifu: unampa sukari, anaamka, anaongea, saa chache baadaye inashuka tena. Huyo anatakiwa kulazwa na kupimwa kwa saa 24 au zaidi, hata kama anasisitiza amepona. Na kama anatumia propranolo ya presha, mtetemeko na mapigo ya moyo vinaweza visionekane. Mtazameni jasho.