Naombeni ushauri: kanuni za mchezo wa kuunganisha majina ya nyimbo

Mpenda_Dansi: Ndugu zangu, habari za jioni. Mimi na jamaa zangu hupenda mchezo ambao mtu hutaja jina la wimbo, na anayefuata hutakiwa kutaja wimbo mwingine unaoanza kwa herufi iliyomalizia ule uliotangulia. Tatizo ni kwamba majina ya nyimbo zetu karibu yote huishia kwa irabu, hasa A: ukitaja "Malaika", "Georgina" au "Sina Makosa", mwenzako hubaki akisaka A ileile hadi wote tunaishiwa. Isitoshe, wazee wamebobea katika zilipendwa na vijana katika Bongo Fleva, hivyo kila upande huushuku mwingine kuwa unatunga nyimbo zisizokuwapo. Tufuate kanuni gani?

Bi_Mkubwa: Ndugu, acheni herufi, mfuate silabi ya mwisho. "Sina Makosa" ya Les Wanyika huishia kwa *sa*, kwa hiyo hufuatiwa na "Salome" ya Diamond Platnumz na Rayvanny, na hapo wazee na vijana wamekwisha kukutana. Silabi *me* ina nyimbo chache. Ruhusuni basi irabu ibadilike na konsonanti ibaki, ili "Malaika" iingie, nayo ifuatiwe na "Kasongo" ya Super Mazembe. Sasa atakayeachiwa *ngo* atoke jasho! Jihadharini na *na*, kwa sababu nyimbo za mapenzi zinazoanza kwa "nakupenda", "nataka" na "nakuomba" hazina idadi, na mchezo hupoa. Sisi huiruhusu mara moja tu katika kila mzunguko.

Mzee_wa_Rumba: Silabi naiunga mkono, ila kubadili irabu ni kuwadekeza wachezaji. Aliyekwama na arudi silabi moja nyuma, yaani kutoka *me* hadi *lo* katika "Salome", kisha apoteze nusu ya alama. Kuhusu nyimbo za kutunga, dawa yake ni kumtaka mtaja wimbo auimbe angalau mstari mmoja, simu zikiwa zimewekwa kando. Katika antakshari ya Wahindi, ambayo nayo hufuata sauti ya mwisho, wachezaji huimba. Hawaishii kutaja jina.

Kijana_wa_Pwani: Shikamoo mzee. Naongeza kwamba kila kundi lichanganye rika, mjomba akae na mpwa wake. Mkiwatenga, mtageuza mchezo kuwa kesi.

Mpenda_Dansi: Nawashukuru sana. Tutaanza na silabi pamoja na sharti la kuimba, na suala la irabu tutalipigia kura. Limebaki moja: jina la Kiingereza tulifuate kwa maandishi au kwa matamshi?

Bi_Mkubwa: Kwa matamshi, ndugu yangu, maana mchezo huu ni wa masikio. Likiishia kwa konsonanti, anayefuata ajichagulie irabu ya kuipachika.