Wakuu, jirani anaingiaje kwenye spika yangu ya Bluetooth bila ruhusa yangu?

fundi_nusu:
Wakuu habari za saa hizi, nina swali linaninyima raha. Nina spika ya Bluetooth ile ndogo ya kubeba, jana usiku nimeiwasha nisikilize vitu vyangu, kabla hata sijashika simu ikatoa ule mlio wa kuunganishwa alafu ukaanza mpira, mtangazaji anapiga kelele, sijui umetoka wapi. Nikazima nikawasha, kitu kilekile. Kumbe ni jirani wa ukuta wa pili, na yeye mwenyewe wala hajui, simu imejiunganisha yenyewe huku yeye anaipigapiga anadhani imekuwa bubu. Tumecheka yakaisha ila mimi sijalala vizuri, mana najiuliza kama huyu kaingia bila kukusudia, mwenye nia mbaya je? Simu yangu nimeiunganisha na spika hiyohiyo, na laptopu, na gari, na saa. Hivi hivi vitu vinajuaje kuwa ni mimi? Na zile namba sita zinazotokea nikiunganisha simu na laptopu ni pasiwedi au ni nini? Mi huwa nabonyeza sawa tu bila kuzisoma. Mnieleweshe taratibu, mimi sio mtu wa kompyuta.

mtu_wa_antena:
Mkuu shusha presha. Bluetooth haidukuliki kirahisi hivyo, mawimbi yake yanarukaruka kwenye chaneli 79 mara 1600 kwa sekunde, sasa nani atalikimbiza hilo? Mpaka akukute chaneli hii wewe ushahama zamani. Na umbali wenyewe mita 10 tu. Jirani yako kabahatisha.

mama_saketi:
@mtu_wa_antena hapo kwenye kurukaruka nakupinga kwa heshima. Namba zako ziko sawa kwa Bluetooth ya kawaida ila sababu sio hiyo. Haikuwekwa ili kuficha siri, iliwekwa kwa sababu pale kwenye masafa ya 2.4 GHz inapotumia Bluetooth pamejaa, Wi-Fi ipo humo, maikrowevu inavujisha humo, kwa hiyo wakaona dawa ni kutokukaa sehemu moja, ukigongana na mtu hapa kipande kinachofuata kinapita pale. Mpangilio wa kuruka unapigiwa hesabu kutoka kwenye anwani ya kifaa kinachoongoza na saa yake ya ndani, mtu mwenye redio inayofaa anaweza kuufuatilia. Na mita 10 ni za simu na spika za kawaida, kuna vifaa vya nguvu kubwa vinafika mpaka mita 100, na anayesikiliza akiwa na antena nzuri anakusikia mbali kuliko unavyodhani. Umbali sio kufuli jamani.

@fundi_nusu sasa nije kwako. Jirani hajabahatisha na wala hajadukua. Nina uhakika kama wa asilimia tisini kwamba siku moja simu yake iliwahi kuunganishwa na hiyo spika, labda ulikuwa na wageni, labda mtoto wake aliona jina kwenye listi akabonyeza, na spika haina skrini wala vitufe vya namba, haikuwa na njia ya kumuuliza mtu chochote, ikakubali tu. Huo mtindo wenyewe unaitwa "inafanya kazi tu", yani hakuna anayethibitisha kitu. Spika nyingi zikiwashwa zinatafuta simu ya mwisho, isipopatikana zinakaa wazi kumpokea yeyote. Jana simu yako ilikuwa wapi? Nahisi Bluetooth ulikuwa umeizima.

Kuhusu inajuaje ni wewe. Vifaa viwili vikikutana mara ya kwanza ndo vinaoana, na siku hiyo vinatengeneza ufunguo mmoja wa siri, kila kimoja kinabaki na nakala yake. Siku zinazofuata havitengenezi tena, vinapimana tu: spika inatuma namba ya kubahatisha, simu inaichanganya na ule ufunguo inarudisha jibu, spika nayo inafanya hesabu ileile upande wake inaangalia kama majibu yanalingana. Umeona hapo, ufunguo wenyewe haupiti hewani hata mara moja. Yakilingana vinatengeneza ufunguo mwingine wa muda wa kusimba sauti, yani kuivuruga ili asiye na ufunguo asiielewe, mazungumzo yanaanza. Kwa hiyo jirani ana nakala halali kabisa ya ufunguo wa spika yako, ndo mana hakuulizwa.

fundi_nusu:
Kweli Bluetooth ilikuwa imezimwa, nilikuwa naokoa chaji!! Na wageni walikuwepo mwezi uliopita, naye alikuja. Sasa mama_saketi hapo umeniacha, kama ufunguo haupiti hewani hiyo siku ya kwanza vinaupataje? Mana vilikuwa havijuani, chochote vinachosemezana si mtu wa pembeni anakisikia?

mama_saketi:
Swali zuri sana, na Bluetooth ya zamani ilifeli hapohapo. Zamani ulikuwa unaandika pini, mara nyingi 0000 au 1234, na ufunguo wote ulitegemea hiyo pini. Mwaka 2005 watafiti wakaonyesha kwamba aliyerekodi vifaa vikioana anaipata pini ya tarakimu nne chini ya sekunde moja kwa kompyuta ya kawaida tu ya wakati ule. Toleo la 2.1 la mwaka 2007 likabadilisha mchezo.

Chukua kalamu nikuonyeshe kwa namba ndogo. Simu na laptopu zinakubaliana hadharani kwamba tutatumia 3 na 17, kila mtu asikie. Simu inachagua siri yake kimoyomoyo, tuseme 4. Inazidisha 3 mara nne, 3×3×3×3 ni 81, inagawa kwa 17, inabaki 13. Inatangaza 13. Laptopu nayo siri yake ni 7, inazidisha 3 mara saba inapata 2187, ukigawa kwa 17 inabaki 11. Inatangaza 11. Sasa simu inachukua ile 11 ya mwenzake inaizidisha mara nne, 14641, gawa kwa 17, inabaki 4. Laptopu inachukua 13 inaizidisha mara saba, gawa kwa 17, inabaki 4 vilevile! Wote wana 4 na 4 hiyo haijatajwa popote (imegongana tu na ile siri ya simu kwa bahati, usichanganye). Wa pembeni kasikia 3, 17, 13 na 11, basi. Kwa namba ndogo hivi atajaribu moja moja atapata, ila namba zenyewe zina tarakimu zaidi ya hamsini na hesabu ni ya mistari iliyopinda sio hii ya shule, hapo kompyuta zote za leo zinakaa chini.

fundi_nusu:
Nimeipiga kwenye kalkuleta imetoka kweli, daah. Sasa kama hesabu ni nzuri hivyo namba sita za nini tena?

mama_saketi:
Kwa sababu hesabu inakuhakikishia mna siri na mtu, haikwambii huyo mtu ni nani. Tuseme kuna mjanja amekaa katikati. Simu yako inadhani inaongea na laptopu kumbe inaongea na yeye, laptopu nayo inadhani inaongea na simu kumbe ni yeye, ana ufunguo mmoja na huku na mwingine na kule, anapokea anasoma anapitisha, wewe huoni tofauti yoyote. Zile namba sita zinapikwa kutoka kwenye vile vilivyotangazwa pande zote mbili. Kama hakuna mtu katikati skrini zote zinaonyesha namba ileile. Akiwepo, simu inapika kutoka kwa vya kwake na laptopu kutoka kwa vingine, namba zinatofautiana, na nafasi ya yeye kubahatisha zifanane ni moja katika milioni. Kwa hiyo sio pasiwedi, mtu akiziona hana cha kuzifanyia. Kazi yake ni macho yako yatoke skrini hii yaende ile. Wewe ukibonyeza sawa bila kusoma umeirudisha laptopu yako kwenye daraja la spika.

Kuna vifaa vinakuambia uandike namba, kama kibodi, skrini inaonyesha sita wewe unazichapa, wazo ni lilelile. Na kuna vya kugusisha, simu inasoma chipu ya NFC kwa sentimita chache, taarifa za kuoana zinapitia huko badala ya hewa ya Bluetooth. Hiyo naipenda, mjanja wa katikati inabidi aingie kati ya simu na kifaa kwenye upana wa kidole.

mtu_wa_antena:
Sawa nimekubali kuhusu kurukaruka, nilisoma mahali nikameza tu. Ila sasa unavyosema mtu akioana vizuri ndo kamaliza? Mbona kila mwaka tunasikia Bluetooth imevunjwa?

bitimoja:
Naingilia hapo. Hesabu mara nyingi haivunjwi, yanavunjwa mazungumzo ya kandokando. Mwaka 2019 lilitoka shambulio lililoitwa KNOB, watafiti waliona kwamba vifaa kabla ya kusimba vinajadiliana urefu wa ufunguo, kuanzia baiti 1 mpaka 16, na majadiliano yenyewe hayalindwi na kitu. Mtu wa katikati anavinong'oneza vyote viwili "tutumie baiti 1", vinakubali kama kondoo. Baiti moja ni ufunguo mmoja kati ya 256, unajaribu wote kabla hujakohoa. Baada ya hapo kima cha chini kikawekwa baiti 7 na makampuni yakatoa apdeti.

Alafu mwisho wa 2023 ikaja ya kibodi, hiyo ndo ilinitisha mimi binafsi. Kompyuta ya mtu inajifanya ni kibodi, simu inaikubali bila kukuuliza, inaanza kuchapa vitu kana kwamba ni wewe. Android 11 kwenda juu zilitengenezewa dawa, 10 kushuka chini hazikupata. Kwa hiyo mwenye simu ya zamani zima Bluetooth ukiwa huitumii, wewe fundi_nusu ulizima kuokoa chaji kumbe ulikuwa unajilinda ila ukamwachia jirani spika hahaha.

kimyakimya:
Mi nazima tu kila kitu natumia waya. Waya hauna jirani.

fundi_nusu:
Haha. Swali la mwisho wakuu, huyo jirani kupitia spika anaweza kufika kwenye simu yangu asome meseji?

mama_saketi:
Hapana. Kila kifaa kinaomba huduma yake, spika inaomba sauti basi, meseji na majina hazipiti humo. Kibaya kabisa atakupigia mpira usiku. Ifute spika kumbukumbu zake, nyingi ni kushikilia kitufe kimoja au viwili kwa sekunde kadhaa mpaka ilie mlio tofauti (angalia kijitabu chake, zinatofautiana), itafuta funguo zote. Kisha na kwenye simu yako ingia setingi uisahau hiyo spika, mana ukifuta upande mmoja tu zinabaki zinagombana, moja ina ufunguo nyingine haina, ndo yale ya "imeshindikana kuunganisha" mpaka unataka kutupa. Oanisha upya alafu Bluetooth ya simu iache wazi ukiwasha spika.

Kitu cha kuogopa zaidi ni gari. Gari linaomba majina na historia ya simu ulizopiga, na watu wanabonyeza ruhusu.

fundi_nusu:
Nimerudi. Spika imefutika, jirani kajaribu kwake imegoma. Laptopu nimeoanisha upya nimesoma namba zote sita kwa sauti kama mtoto wa chekechea, zimefanana. Sasa nimeshuka kwenye gari nikafungua listi, kuna simu saba, mbili zangu za zamani, tatu za ndugu, moja nadhani ni ya fundi, na ya saba ina jina la aliyeniuzia gari. Nimebonyeza majina, namba za watu wake zote zipo humo, hadi "Mama Mkwe usipokee".

mama_saketi:
Futa zote saba. Na ya mama mkwe hatujaisoma.