Mrejesho: Nimeendesha baiskeli kwenye njia ya treni iliyokufa, Missouri

Wakuu, niliwauliza kama baiskeli yangu ya tairi nyembamba itaiweza Katy Trail, huku Missouri, Marekani, na kwa nini wenye mashamba hawakujichukulia ardhi treni zilipoacha kupita mwaka 1986. Jumamosi nimeenda, nimerudi mzima.

Tairi zimefaa. Reli na mataruma viling'olewa, wakamwaga mawe ya chokaa yaliyosagwa na kuyashindilia. Palipolowa panashika kama uji, na vumbi lake jeupe likikauka kwenye mnyororo halitoki bila mswaki.

Mlima hakuna. Treni haiwezi kupanda mteremko mkali, kwa hiyo wajenzi waliipitisha kando ya Mto Missouri, na leo wenye vitambi tunafaidi. Rocheport hadi McBaine ni kama kilomita 14 kati ya zaidi ya 380 za njia nzima: huku mto, huku majabali. Pale Rocheport kuna handaki la mwaka 1893. Ukiingia, jasho linapoa mgongoni ghafla.

Kuhusu ardhi, kumbe kuna sheria ya 1983: njia ya reli inawekwa akiba, watu watembee, ila treni ikihitajika irudi. Wenye mashamba wengine walikwenda mahakamani, wala siwashangai. Babu yako alitoa kipande treni ipite, leo anapita mtu na kaptula!

Aliyeniambia nibebe chupa tatu za maji, nisamehe. Nilibeba moja.