Kwanjula ya wifi imenimaliza. Kesho naanzia wapi?

Bi_Cherehani (Mukono), Jumapili saa 3 usiku

Hamjambo jamani. Mimi mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa huku Uganda mwaka wa 11 sasa. Nakaa Mukono na nashona nguo kwenye akedi (jengo la maduka) moja mjini Kampala, yaani kazi yangu ni kukaa kitako kutwa, miguu ikifanya kazi kwenye pedeli tu.

Jana tulikuwa Masaka, kwanjula ya wifi yangu mdogo. Kwa msiojua, ndiyo siku binti anapomtambulisha mchumba wake kwa wazazi, na upande wa bwana unakuja na vikapu mpaka uwanja unajaa. Ilikuwa ianze saa 5 asubuhi, ikaanza saa 9. Tangu chai ya alfajiri sikuwa nimetia kitu tumboni.

Kikaja chakula. Sisi pwani tukisema chakula tunamaanisha sahani nzima. Waganda wakisema chakula ni ule wanga peke yake: matoke, wali, viazi vitamu, mihogo, magimbi. Kitoweo kinahesabiwa mbali. Na kwenye sherehe huulizwi unataka kipi, unapakuliwa vyote. Juu yake nikawekewa luwombo ya kuku, ile inayofungwa ndani ya jani la mgomba lililobabuliwa ikapikwa kwa mvuke. Ukilifungua jani, mvuke unakupiga usoni, na mchuzi wa karanga umejikusanya kwenye kona moja kama kidimbwi. Mimi nikakifuata kile kidimbwi kwa matoke, tonge baada ya tonge, mpaka jani likabaki linang'aa.

Kosa langu lilikuwa hapo. Mavyaa alipita akaona jani tupu, akamwita msichana wa kupakua. Sahani ya pili. Mke wa mwanawe nikatae chakula chake mbele ya wageni? Siliwezi hilo.

Gomesi nayo, lile vazi la sherehe la wanawake wa huku, ni nguo ya siri sana. Ule mkanda mpana wa kiunoni unaweza kuulegeza ukaufunga upya na hakuna atakayejua. Mimi niliulegeza mara mbili.

Sasa ya mavyaa naweza kumsingizia mavyaa. Lakini tulipokuwa tunarudi, gari likasimama Lukaya, wauzaji wakatuzunguka na mishikaki na gonja (ndizi za kuchoma), na mimi nikiwa nimeshiba hadi kooni nikatoa pesa dirishani nikanunua gonja mbili. Hakuna aliyenilazimisha. Hizo gonja ndizo zinazoniuma.

Leo asubuhi nikapanda mizani. Ijumaa nilikuwa kilo 79.4. Leo 82.1. Nikashuka, nikaisogeza kwenye sakafu iliyo sawa, nikapanda tena. 82.1. Na mwezi uliopita nilipima sukari kabla ya kula ikawa 6.4, daktari akaniambia nipunguze uzito. Nilikuwa nimeshapunguza kilo 4 kwa jasho langu.

Nimepanga kuanzia kesho mpaka Jumatano ninywe maji ya ndimu tu. Pia nina kadha ya Ramadhani, yaani funga za kulipa, siku tano, nikafikiri niunganishe humo humo. Tatizo ni kwamba baada ya Idi nilijaribu mpango huu huu, na siku ya tatu saa 3 usiku nikajikuta nimesimama kwa muuza chapati nakula kikomando, chapati mbili zimekatwakatwa ndani ya maharage. Nikaagiza na ya pili nikamwambia ni ya mume wangu. Mume wangu alikuwa Jinja.

Na kwenye friji sasa hivi kuna luwombo tatu na nusu sufuria ya pilau tulizofungiwa. Naisikia ile friji ikiniita. Nisaidieni.

---

Kijana_wa_Kisenyi, Jumapili saa 4 usiku

Nyabo (mama), mululuza, yale majani machungu. Twanga majani, kamua, kikombe kimoja asubuhi kabla hujala. Chungu hiyo usipime. Ikifika saa 4 utakuwa umeshaenda chooni mara tatu na tumbo limekuwa bapa kama chapati. Mama yangu anatupa sisi wote baada ya Idi.

---

Muuguzi_wa_Arua, Jumapili saa 5 usiku

Bi Cherehani, pole, na hongera kwa wifi. Nimefanya kazi kwenye kliniki ya wagonjwa wa sukari miaka kadhaa, na kila Jumatatu baada ya sikukuu tunapata watu wenye maneno kama yako. Tuanze na mizani maana ndiyo iliyokutisha.

Umeongezeka kilo 2.7 kwa siku mbili. Kilo moja ya mafuta mwilini ni kama kalori 7,700. Ili zile kilo 2.7 ziwe mafuta matupu, ingekubidi ule zaidi ya kalori 20,000 juu ya zile ambazo mwili wako unazitumia kila siku. Chapati moja nene ya barabarani ukiihesabu kalori 300, hizo ni chapati karibu 70. Ulikula sana dada yangu, lakini chapati 70 hukula.

Basi ni nini? Kwanza ni chakula chenyewe. Sahani mbili za sherehe zina uzito wake, na asubuhi nyingi yake ilikuwa bado iko njiani tumboni. Pili ni chumvi ya pilau na mchuzi, ambayo inashika maji. Tatu ni ule wanga wa aina tano. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na kama gramu 3 za maji. Ukila kawaida, maji hayo yanatoka yenyewe kwa siku chache. Mafuta kidogo yatakuwa yameongezeka, sikufichi, ila ni gramu, si kilo.

Kwa hiyo, Kijana wa Kisenyi, mama yako namheshimu, lakini kuendesha kunatoa maji na mizani inashuka kwa sababu hiyo. Mtu anafurahi, kumbe ameishiwa maji tu.

Sukari. 6.4 kabla ya kula iko kwenye eneo tunaloliangalia kwa jicho la karibu, 6.1 hadi 6.9. Kuanzia 7.0 ndipo tunaporudia kipimo na kuzungumzia kisukari. Na kile kipimo kingine cha damu kinachoangalia wastani kinasoma kama miezi mitatu nyuma, kwa sababu chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120. Jumamosi moja ndani ya miezi mitatu ni Jumamosi moja. Kinachokubadilishia wastani ni kitu unachokirudia, na kwa maelezo yako unachokirudia ni huu mzunguko: kujishindisha njaa, halafu kikomando cha usiku.

Angalia tena jana. Ulikaa tangu alfajiri mpaka saa 9 bila kula, ndipo ukakifuata kidimbwi. Sasa unataka kujitengenezea saa 9 nyingine ya siku tatu nzima! Usifanye. Kesho kunywa chai kwa wakati wako wa kila siku, na usiiache kwa sababu eti huna njaa sana. Chakula cha mchana kiwe kama kile ulichokuwa unakula ulipokuwa unapunguza zile kilo 4, maana hiyo njia umeshaijaribu na ilifanya kazi. Usipunguze zaidi ya hapo. Maji kunywa ukisikia kiu, ndimu tia ukipenda ladha yake. Ukishamaliza kula, tembea dakika 10 au 15 kabla ya kurudi kwenye cherehani, kwa sababu misuli ikifanya kazi inaichukua sukari kutoka kwenye damu.

Kadha ni ibada, siwezi kukuzuia. Ila usiifunge kama adhabu, na ukifunga ule daku. Na mwambie daktari wako. Wanaotumia dawa za sukari wasifunge kabla ya kumuuliza, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zinaweza kuishusha sukari ikapita kiasi. Wewe hukutaja dawa, lakini huku wanasoma wengi.

Neno moja la pembeni, nalisema kwa upole. Ile ya kuagiza ukisema ni ya mume wangu. Kama ni mara moja, tucheke yaishe. Kama kula kwa kujificha, bila kuweza kusimama, na majuto yake, kunatokea kila wiki kwa miezi, huo si ulafi. Ni ugonjwa unaojulikana na una matibabu, mtafute mshauri au daktari wa akili. Hakuna aibu.

Friji: ukiweza, vyakula vilivyomo vitoe leo usiku huu huu.

---

Dereva_Malaba, Jumatatu saa 12 asubuhi

Dada wa Mombasa, mimi naendesha lori Mombasa hadi Kampala, kwenu napita kila wiki. Hapa nilipo niko kwenye foleni ya mpaka, nimesoma yote.

Hiyo ya kujinyima naijua. Nilikuwa nikila vibaya Naluwerere usiku, asubuhi najiapiza sili mpaka Kampala. Nafika Namawojjolo njaa imenishika, wale vijana wa aproni wanakimbilia dirishani na kuku wa kijiti, ini, gonja, na mimi niko juu ya lori wanalazimika kuninyooshea mikono. Nilikuwa nachukua kwa kila mkono unaonifikia. Wallahi safari moja nilimaliza kuku wawili kabla ya kuingia Mukono.

Siku hizi nafanya hivi tu: nikila vibaya usiku, asubuhi nakula saa ile ile ya kila siku, chai na mayai mawili. Nikiegesha nazunguka lori mara kumi nikipiga magurudumu. Turnboy ananicheka.

Muuguzi namkubali kote, ila naongeza jambo moja: mimi ningekwambia mizani uiache mpaka Jumamosi. Mizani ninayoijua mimi ni ya barabarani. Lori likizidi uzito hawakwambii uendeshe tupu mwezi mzima. Unashusha kilichozidi, unaendelea na safari.

---

Nnalongo_wa_Wakiso, Jumatatu saa 4 asubuhi

Mimi ni mkwe wa Kiganda aliyezaliwa Kiganda, nikwambie siri ya mavyaa. Usikatae chakula. Usimalize pia. Jani likibaki tupu maana yake umeomba. Fungua luwombo yako mwisho kabisa, anza na nakati (mboga ya majani) na ntula (nyanya chungu), kula polepole sana, ongea na watu, sifia karanga. Ukiwa umeshiba acha kipande cha matoke na kona ya mchuzi pale pale mbele yako mpaka sahani zikusanywe. Mimi kwa kipande kimoja cha matoke nimelinda mlango kwenye kwanjula ngapi sijui.

Na kabla hujaondoka nyumbani kula. Hakuna kwanjula inayoanza saa 5. Unajua hilo, una miaka 11 hapa!

---

Bi_Cherehani, Jumatano saa 2 usiku

Nimerudi. Nnalongo umenichoma, na umesema kweli.

Jumapili ile ile usiku nilimwamsha mume wangu tukaifungua friji. Pilau na luwombo mbili za kuku nikazitia kwenye ndoo safi, asubuhi nikaziteremsha kwa vijana wa boda pale stejini kwetu. Walidhani kuna msiba. Luwombo ya tatu ilikuwa ya uyoga, hiyo nikaibakisha, tukala wawili mchana wa Jumatatu na kipande kimoja kimoja cha kiazi. Sikuona sababu ya kuiadhibu luwombo ya uyoga.

Chai nilikunywa saa 1 kama kawaida, na maharage ya jana yake. Nilikuwa nahisi kabisa kama ninadanganya, kama mtu anayepita bila kulipa nauli. Mchana nikatoka akedi nikatembea mpaka Nakasero sokoni nikarudi. Mtu akiwa na pochi mkononi Kampala hatembei polepole, kwa hiyo lilikuwa zoezi la kweli.

Jumanne ndiyo ilikuwa mbaya. Saa 3 usiku ile ile, nashuka kwenye matatu, yule muuza chapati akaniita, "Mama, ya mzee leo hauchukui?" Miguu ikasimama. Nikanunua chapati moja, nikaenda nayo nyumbani, nikaikata nusu, nusu nikampa mume wangu, ambaye safari hii alikuwepo kweli. Ninavyoona mimi nimeshinda. Muuguzi utasema vyako.

Dereva samahani, mizani nimepanda leo. 80.1. Nilifikiri imeharibika.

Kadha nimemuuliza daktari. Amesema sawa, siku moja moja, nisiziunganishe, na daku nile.

Halafu mavyaa amepiga simu mchana. Jumapili wanakuja Mukono kutushukuru kwa kazi ya kwanjula, watu saba, na wanakuja na kuku wawili hai. Nimemuuliza mume wangu kama hatuwezi kuwafuga.