Kulinda mlango wa sauti wa Commodore 64: kipingamizi pekee, dayodi au transfoma?

Mwanzisha mada, Jinja
Ndugu wadau, ninataka kupitisha sauti ya simu, na baadaye ya amplifaya, kwenye chipu ya SID 6581, inayotengeneza sauti ndani ya kompyuta ya zamani ya Commodore 64, kupitia pini ya 5 ya soketi ya sauti na picha. Chipu hiyo haitengenezwi tena, nami ninayo moja tu. Mwongozo wa Commodore unaagiza ishara isizidi volti 3 kutoka kilele hadi kilele (yaani kutoka ncha ya chini ya wimbi hadi ncha ya juu). Je, kipingamizi na kapasita (inayopitisha sauti na kuzuia umeme mnyoofu) vinatosha, au niongeze dayodi (zinazopitisha umeme upande mmoja tu), au nitumie transfoma?

Fundi redio, Mbale
Kwa simu peke yake vinatosha. Kwa amplifaya havitoshi kabisa: wati 10 kwenye spika ya ohmu 8 hufikia takriban volti 25 kutoka kilele hadi kilele, na kwa kuwa pini ya chipu ina ukinzani wa ohmu 100,000 hivi, kipingamizi cha ohmu 1,000 kitapunguza asilimia 1 tu.

Mkereketwa, Kampala
Mimi nimechagua dayodi za 1N4148, mbili mfululizo kuelekea upande mmoja na mbili kuelekea upande wa pili. Kila moja hufunguka karibu na volti 0.7, hivyo ishara hukatwa kwenye volti 2.8 jumla. Sauti kubwa hukwaruza kidogo kwenye vilele, jambo ninalolikubali.

Zingatia mpangilio, ndugu yangu. Pini ya chipu hukaa kwenye volti 6 za umeme mnyoofu. Dayodi zikiwekwa upande huo zitaivuta chini. Mara ya kwanza nilikosea hapo, nikapata ukimya mtupu, na nilishukuru sana chipu iliponusurika. Kutoka kwenye simu, anza na kipingamizi, kisha dayodi kwenda kwenye waya wa chini (GND), ndipo kapasita ya mikrofaradi 1 hadi 10, upande wake wa chanya ukielekea kompyuta.

Mwalimu wa umeme, Entebbe
Naongeza hatari ambayo haijatajwa. Katika nyumba ambazo soketi za ukutani hazina waya wa ardhini, amplifaya huvujisha mkondo mdogo hadi kwenye ganda la plagi. Ukiligusa, kidole husisimka. Plagi ya RCA, ile ya waya wa sauti wa amplifaya, hugusisha pini ya katikati kabla ya ganda, kwa hiyo kwa nukta hiyo mkondo wote hupita kwenye njia ya ishara. Transfoma ya ohmu 600 kwa 600 kutoka kwenye modemu kuukuu huzitenganisha mashine hizo mbili. Besi hupungua, kwani ilitengenezwa kwa sauti ya simu.

Mwanzisha mada, Jinja
Asanteni sana. Dayodi nitazilehemu ndani ya kisanduku zibaki humo daima, na transfoma nitaiweka kwenye waya wa amplifaya peke yake. Nyaya zote nitaziunganisha kabla ya kuwasha chochote.