Mafundi stika wa Arusha, nani kawadanganya kwamba stika inabanduliwa kwa wembe?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mwezi wa tano nilinunua Land Cruiser ya utalii, ile ndefu iliyokatwa na kuongezwa, kwa kampuni iliyokuwa inafunga shughuli. Rangi ya kaki. Milangoni kulikuwa na stika kubwa: jina la kampuni na twiga amesimama. Injini nzima, chesisi nzima. Kazi iliyobaki ilikuwa kutoa twiga wao na kuweka tembo wangu. Nikapelekwa kwa chalii mmoja hapa mjini (mtaa sitaji, jina sitaji), akaangalia gari kwa dakika moja akasema, "Boss, hiyo ni ya nusu saa tu." Laki na themanini, kubandua na kubandika, milango miwili na bonneti. Nikalipa nusu, nikaenda kufuatilia tairi.

Kurudi nakuta dogo kachuchumaa mlangoni na wembe mkononi, pembeni chupa ya maji ya kunywa imejaa petroli. Stika yenyewe imekaa juani miaka, imekauka kama jani la mgomba, inatoka vipande vya ukubwa wa kucha. Kila akikwangua, mkwaruzo. Ukipitisha kidole unausikia. Namuuliza mkubwa wake mbona hampashi moto, ananijibu, "Boss, tukianza kupasha tutalala hapa." Basi laleni! Nimelipia nini sasa?

Mlango wa kushoto ndio ulioniua. Ulishawahi kupigwa rangi mtaani, sio rangi ya kiwandani, na macho yoyote ya fundi yangeona hilo. Gundi ilipogoma, wakamwagia thina. Wakuu, rangi ilijikunja mbele ya macho yangu kama utando wa maziwa yaliyochemka. Dogo akaendelea kusugua! Alisimama alipoona bati.

Sasa sikilizeni nilipokosea mimi, kabla hamjanishambulia. Nilikuwa na wageni wanatua KIA baada ya siku nne. Nikakimbilia fundi rangi, akapiga mlango, siku ya pili yake tu nikamrudishia chalii abandike. Alitakiwa anikatalie. Rangi mbichi bado inatoa hewa ya thina ndani yake hata kama ukiigusa ni kavu, na stika ni plastiki, haipitishi kitu. Ile hewa iende wapi? Kesho yake jioni tembo alikuwa na malengelenge kama mtu aliyemwagikiwa chai. Chalii akaja na pini, akatoboa, akapapasa na kadi ya simu, akaondoka anapiga mluzi. Asubuhi yamerudi.

Bonneti nayo aliibandika saa moja asubuhi, mwezi wa saba, baridi ya Arusha mnaijua, bati lina umande. Akalifuta kwa kitambaa kile kile cha kung'arishia gari, chenye mafuta mafuta. Hamna spiriti, hamna kusubiri bati likauke na kupata joto kidogo. Kufika Mto wa Mbu kona moja ya stika imeinuka. Ile barabara ya vumbi ya kushuka Ngorongoro kwenda geti la Naabi ikamaliza kazi: vumbi likaingia chini, upepo ukashika, stika ikawa inapiga bonneti pa-pa-pa kama sikio la tembo mwenyewe. Mgeni wa mbele akawa anairekodi kwa simu.

Narudi kulalamika naambiwa, "Boss, kubandua ni kazi nyingine, ile bei ilikuwa ya kubandika." Ananidai elfu hamsini juu!

Nawaambia kitu. Dada yangu ana saluni Sakina, ukutani ana maua ya stika anayobadilisha kila akichoka. Anatumia draya yake ya nywele, basi. Anapasha kona mpaka gundi ilegee, anainyanyua kwa kucha, halafu haivuti kuja kwake: anaikunja irudi nyuma imelala karibu na ukuta, taratibu, draya inatangulia mbele ya mkono. Na ule ni ukuta wa rangi ya maji, ambao ukivuta kwa pupa unaondoka na skimu, ile lipu laini ya juu. Akipaka rangi upya anakaa wiki tatu, nne, ndipo anabandika. Hajasomea popote.

Nikaazima draya, nikaitoa ya bonneti mwenyewe. Iliyobaki ni gundi: nikapaka mafuta ya taa kwa kitambaa laini, nikaacha dakika chache, ikaviringika yenyewe kama makombo ya kifutio. Nikaosha kwa maji ya sabuni, nikamalizia na spiriti. Saa moja na nusu, hakuna mkwaruzo hata mmoja. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Kama kazi ni ya saa tatu, sema saa tatu na taja bei ya saa tatu, tutalipa. Kinachokera ni hii nusu saa yenu.

Mlango wa kulia, wenye rangi ya kiwandani, una tatizo ambalo simlaumu mtu. Jua la huku juu, mita 1,400 hivi, limefubaza kaki yote isipokuwa pale palipofunikwa na stika. Twiga katoka lakini kivuli chake kipo. Nimepiga polishi ya kukata mara mbili, kimepungua, hakijaisha. Ila fundi mwenye akili angenionyesha hicho kivuli kabla ya kubandika, tukachagua mchoro wa kukifunika. Yeye kabandika tembo katikati, kwa hiyo sasa nina tembo mwenye shingo ya twiga inayotokea mgongoni. KIA yule mama mgeni aliizunguka gari mara mbili, akasoma herufi za kampuni ya zamani zinazochungulia, akaniomba nimwonyeshe tena karatasi yake ya bukingi.

Gari linatoka tena Jumatatu ya wiki ijayo. Mwenye fundi wa kweli, Arusha au hata Moshi nitashuka, aniandikie inboksi. Awe na draya yake, na akija na wembe ajue tutaishia getini.